Namna ya kuitambua rangi ya kudumu ya farasi mchanga, kabla na baada ya kumnyoa

Mtoto wa farasi hazaliwi na rangi atakayozeeka nayo. Manyoya anayotoka nayo tumboni ni laini, mara nyingi yamepauka kwenye tumbo, mapajani na miguuni, nayo huanza kupukutika akiwa na umri wa miezi mitatu au minne, kwanza usoni kuzunguka macho na pua, kisha mwili mzima. Kwa hiyo mtu anayeiandika rangi ya mtoto wa wiki 2 kwenye hati zake anaandika kitu ambacho kinaweza kutoweka kabla mnyama hajafikisha mwaka. Kumnyoa nako kunaongeza mkanganyiko, kwa kuwa farasi anaweza kuingia kwenye banda la kunyolea akiwa mwekundu na akatoka akiwa na rangi ya panya.

Anza na wazazi kabla ya kumgusa mtoto. Rangi za msingi za farasi ni mbili tu, nyeusi na nyekundu, na nyinginezo zote hutokana na vinasaba vinavyozipunguza, kuzihamisha au kuzifunika. Wazazi wawili wekundu watupu, yaani wasio na miguu myeusi, huzaa mtoto mwekundu mtupu. Farasi wa kijivu, yule anayeendelea kuwa mweupe kadiri anavyokua, lazima awe na angalau mzazi mmoja wa kijivu, kwa sababu kinasaba hicho hujionyesha hata kikirithiwa kutoka upande mmoja. Chanzo chake kilielezwa mwaka 2008, nacho ni kipande kilichojirudia ndani ya kinasaba kiitwacho STX17. Basi ikiwa baba na mama wote si wa kijivu, liondoe wazo hilo mapema, hata kama mtoto anaonekana kama jivu lenyewe.

Wengi hukosea hapo hasa. Mtoto atakayebaki mweusi maisha yake yote mara nyingi huzaliwa na rangi ya moshi au ya panya, na tumbo lake likiwa limepauka, hivyo watu humwita wa kijivu. Kinyume chake, mtoto aliyezaliwa mweusi kama mkaa hadi kwatoni, au mwekundu wa kukolea kuliko kawaida, ndiye wa kutiliwa shaka iwapo mmoja wa wazazi wake ni wa kijivu. Msimamishe kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya bandani, uitazame ngozi ya kope na nywele zinazozunguka jicho. Nywele nyeupe zilizojipanga kama miwani kuzunguka macho ndizo dalili ya kutegemewa zaidi, na kwa kawaida hutangulia zile za mwilini. Kutoka hapo mnyama hupitia madoadoa ya mviringo mbavuni na mapajani, na wengi huwa weupe wakifikia miaka 6 hadi 8, ingawa ngozi hubaki nyeusi. Farasi wa Lipizzaner, wanaojulikana kwa weupe wao, wengi wao huzaliwa wakiwa weusi au kahawia.

Farasi mwekundu mwenye miguu myeusi hudanganya kwa njia nyingine. Anapozaliwa miguu yake huwa imepauka, wakati mwingine karibu rangi ya fedha, na weusi hujitokeza tu manyoya ya kwanza yanapopukutika. Usisubiri hadi wakati huo, bali tazama kingo za masikio na singa za shingoni, kwani mara nyingi weusi huwa umeshatangulia huko. Uwe mwangalifu pia na mstari mweusi wa mgongoni. Watoto wengi huzaliwa nao, na kwa wengi huondoka pamoja na manyoya ya utotoni. Mstari wa kudumu huwa na kingo zilizo wazi, hushuka hadi mkiani, na mara nyingi huambatana na michirizi miguuni.

Sasa mashine ya kunyolea. Unywele wa farasi hauna rangi moja tangu mzizi hadi ncha: ncha ndiyo yenye kukolea na kung'aa, na sehemu iliyo karibu na ngozi huwa hafifu zaidi. Mashine huondoa ncha na kuacha shina. Ndiyo maana mwekundu mwenye miguu myeusi hugeuka kahawia ya vumbi, mwekundu mtupu huwa kama chungwa lililofifia, na mweusi huwa rangi ya makaa yaliyokaribia kuzima. Hakuna kilichobadilika kwenye mzizi, hivyo rangi hurudi manyoya mapya yanapoota. Farasi wa kijivu yeye hutoka mweupe zaidi au mweusi zaidi kutegemea amefika hatua gani, kwani ngozi yake nyeusi huanza kuonekana kwa chini.

Kwa mtoto, mimi huona vidole vinatosha kuliko mashine: yatenganishe manyoya ubavuni hadi uione ngozi, na manyoya mapya yanayoota chini yatakuonyesha rangi inayokuja. Ukilazimika kunyoa, nyoa kipande cha ukubwa wa kiganja, baada ya kumsafisha na kumkausha, ukienda kinyume na mwelekeo wa manyoya, na baada ya kumzoesha mlio wa mashine kwa siku kadhaa. Gusa makali mara kwa mara kwa mkono, kwa kuwa yakipata moto humchoma mtoto naye hatausahau mlio huo. Ziache ndevu za puani na nywele ndefu za machoni, kwani hizo ni viungo vya hisia. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi linakataza kuziondoa tangu mwaka 2021. Usimnyoe mwili mzima mtoto anayekaa kwenye baridi. Farasi mkubwa naye usimnyoe wakati manyoya ya kiangazi yamekwisha kuanza kuota, kwa sababu utakata ncha zake mpya na atabaki amefifia hadi msimu ujao. Kupukutika huko huongozwa na urefu wa mchana zaidi kuliko joto.

Jua na jasho nalo hupausha manyoya, hasa ya farasi mweusi, ambaye ncha zake huwa na rangi ya kutu. Fungua manyoya uangalie shina: likiwa jeusi, huyo ni mweusi aliyechomwa na jua, wala si kahawia.

Kama mashaka bado yapo na hati zinasubiriwa, tuma nywele kwa kipimo cha vinasaba. Ng'oa nywele 20 hadi 30 za shingoni au mkiani zikiwa na mizizi yake. Nywele zilizoanguka chini ya mashine hazifai, kwa kuwa maabara huhitaji chembe hai za mzizi. Piga picha kutoka upande uleule kila mwezi, na ile ya kabla ya kunyoa usiiruke, ili atakayemkagua farasi huyo wiki moja baadaye asidhani kwamba ameletewa mnyama mwingine.