Kabla ya kununua shokapu mpya za pikapu ya porini

Ukifika duka la spea la Gerezani, Kariakoo, au la Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema tu "nipe shokapu za Hilux, zile ngumu," utauziwa shokapu, na pengine zitafunga bila shida. Ila muuzaji hajui gari lako lina uzito gani, limenyanyuliwa kiasi gani wala linashinda kwenye barabara ya namna gani. Hayo ndiyo yanayoamua kama shokapu zitadumu miaka au zitaanza kuvuja kabla ya mvua zijazo. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchagua shokapu hufanyika nyumbani, ukiwa na futi kamba, kalamu na jeki.

Kwanza hakikisha kwamba ubovu uko kwenye shokapu. Shokapu haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: pistoni iliyo ndani inasukuma oili ipite kwenye vitundu na vali nyembamba, nguvu ya mtikisiko inageuka joto, na springi inaacha kuchezacheza. Pikapu iliyokaa chini kwa nyuma ina springi zilizochoka au bapa (ukanda wa chuma wa springi) lililokatika, na shokapu mpya, hata ziwe za bei gani, hazitaiinua. Watu wengi wamepoteza fedha hapa.

Kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi kunafaa kwa gari dogo. Land Cruiser 79 isiyo na mzigo ina springi ngumu mno kwa nyuma, haitacheza hata kama shokapu imekufa. Kipimo cha maana zaidi ni joto. Endesha dakika ishirini hivi kwenye rasta, yaani barabara ya vumbi yenye mawimbi-mawimbi, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na mwili wa kila shokapu bila kuishika. Inayofanya kazi inakuwa ya moto, wakati mwingine wa kuunguza. Ukikuta ya kulia inaunguza na ya kushoto ni ya vuguvugu tu, hiyo ya vuguvugu imeacha kazi. Angalia pia oili. Utando mwembamba uliokamata vumbi karibu na sili ni wa kawaida. Oili iliyotiririka mpaka chini ikaacha njia nyeusi si ya kawaida. Tairi iliyolika kwa mabonde-mabonde kwenye kashata (meno yake) nayo inasema shokapu haziishikilii barabarani. Mlio wa kugonga peke yake unaweza kuwa bushi tu, ile raba ya kwenye ncha ya shokapu, na bushi ni bei ndogo.

Ukishajua kwamba ni shokapu, lipime gari uzito. Mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa vyuma chakavu inatosha. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, gari likiwa katika hali linayoishi nayo kila siku, si likiwa tupu limetoka kuoshwa. Vitu vinavyoongezwa kidogo kidogo husahaulika. Ngao ya chuma ya mbele inaweza kufika kilo 60 au zaidi, winchi yenye kamba ya chuma inakaribia kilo 40, na pipa la dizeli la lita 200 ni kama kilo 190 pamoja na pipa lenyewe. Pikapu yenye ngao na winchi ina mbele nzito kila siku ya maisha yake, wakati nyuma inabadilika kutoka tupu hadi tani moja. Mtu wa hivyo anahitaji shokapu za mbele zilizotengenezwa kwa uzito huo. Za nyuma asizidishe ugumu, kwa sababu siku atakayokuwa tupu ekseli itarukaruka.

Hapa kwenye ugumu tukae kidogo. Shokapu ina ugumu wa aina mbili: wa kubonyea gurudumu linapopanda, na wa kurudi linaposhuka. Springi nzito ikibonyezwa inarudi kwa nguvu nyingi, hivyo springi zilizoongezwa bapa zinadai shokapu yenye nguvu zaidi wakati wa kurudi. Ukiacha shokapu za kawaida na springi nzito, gari litadunda kama mpira. Kosa la upande wa pili halionekani upesi. Shokapu ngumu mno kurudi, ikikutana na rasta, haiwahi kunyooka kabla ya rasta inayofuata kufika. Inabonyea kidogo, inarudi nusu, inabonyea tena, na gari linazidi kukaa chini mpaka ekseli inaanza kugota kwenye stopa, raba iliyo chini ya chesisi. Dereva anahisi gari limekuwa gumu kama mkokoteni, anaamini springi zimekufa, anaongeza bapa jingine, na tatizo linazidi. Shokapu ngumu mno kubonyea nayo inapeleka kila pigo kwenye chesisi, na mahali pa kwanza kupasuka ni pale shokapu iliposhikiliwa juu. Basi ukinunua springi na shokapu kwa wakati mmoja, chukua zilizopangwa pamoja na mtengenezaji mmoja kwa uzito uliopima.

Urefu ndio unaoua shokapu nyingi za pikapu zilizonyanyuliwa, na ndio unaopimwa na wachache. Egesha gari mahali tambarare likiwa na mzigo wa kawaida. Pima kutoka bolti ya juu mpaka bolti ya chini ya shokapu ya nyuma. Tuseme umepata milimita 480. Pima nafasi kati ya ekseli na stopa, yaani ile raba ya kugotea chini ya chesisi, tuseme 90. Raba yenyewe ina kimo cha 60, na kwa pigo zito hubonyea kama nusu, kwa hiyo ongeza 30. Ekseli inaweza kupanda 120 kwa jumla, na umbali kati ya bolti utabaki 360. Shokapu yako, ikiwa imebonyea kabisa, isizidi 345 ili ibaki nafasi ya usalama. Ukifunga yenye 375, siku ya korongo la kwanza pistoni itagonga kitako kabla raba haijamaliza kazi, na vali ya chini itavunjika. Fundi atasema ilikuwa feki, kumbe ilikuwa nzima ila ndefu.

Kisha pima upande wa kunyooka. Weka stendi imara chini ya chesisi, fungua shokapu ya zamani upande wa chini, uache ekseli ining'inie. Ukipata 540, tafuta inayofunguka angalau 550. Ikiwa fupi, shokapu ndiyo itakayoning'iniza ekseli nzima kila gurudumu linapoingia shimoni, na sili au jicho la shokapu halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wakati ekseli imening'inia, tazama mpira wa breki: ukivutika, urefu zaidi hauna faida mpaka mpira mrefu upatikane. Kwenye Hilux nyingi kuna pia rodi inayounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki inayopima mzigo. Gari likinyanyuliwa, rodi hiyo inaiambia vali kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinapungua. Irekebishwe siku hiyo hiyo.

Mbele kunategemea umri wa gari. Hilux LN106 na Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999 zina ekseli nzima na springi za bapa mbele, kwa hiyo vipimo ni vile vile. Land Cruiser 79 ina springi za koili mbele, shokapu ikisimama peke yake. Hilux 4x4 nyingi za 1997 hadi 2005 zina toshenibaa, ile nondo ndefu inayojipinda. Kuikaza ili mbele ipande hakuongezi safari ya gurudumu hata milimita, kunaihamisha tu, na shokapu ya kawaida inabaki imenyooka karibu mwisho wake. Hilux za baada ya hapo, Vigo na Revo, zina koili iliyovishwa juu ya shokapu. Ya namna hiyo haifunguliwi bila kibana koili cha kweli: koili iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya la mtu, na kuifunga kwa waya au mnyororo ni hatari isiyo na sababu. Katika magari hayo kunyanyua zaidi ya milimita 50 kunazilaza boli jointi na shafti za mbele pembe mbaya, na mipira yake hupasuka mapema.

Kuhusu muundo, kuna shokapu za mirija miwili na za mrija mmoja. Zenye mirija miwili zina silinda ya kazi ndani na hifadhi ya oili nje, na nyingi zina gesi ya naitrojeni yenye msukumo mdogo. KYB Excel-G na Old Man Emu Nitrocharger ni za namna hiyo. Zinastahimili jiwe: mwili wa nje ukibonyea kidogo, pistoni inaendelea kupita. Udhaifu wake ni joto. Kilomita mia za rasta bila kupumzika zinaichanganya oili na gesi, inakuwa povu, na povu halizuii kitu. Za mrija mmoja, kama KYB Gas-a-Just na nyingi za Bilstein, hutenganisha gesi na oili kwa pistoni ya pili, gesi ikiwa na msukumo wa bar 20 hadi 30 hivi, na joto hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Hazitoi povu upesi. Ila pistoni inatembea kwenye ukuta huo huo unaopigwa na mawe, na mbonyeo mdogo tu unaikwamisha. Kwa anayebeba mzigo, mwendo wa wastani, njia za mawe na makorongo, tunapendekeza mirija miwili yenye mwili mnene. Anayekimbia umbali mrefu kwenye rasta na mchanga achukue mrija mmoja, na kinga ya mawe. Zile zenye chupa ya pembeni na vitufe vya kurekebisha ni nzuri, lakini pikapu ya kazi haizihitaji: tope na vumbi hukamata vitufe hivyo.

Ukienda dukani nenda na namba ya chesisi na jina la modeli lililo kwenye kibati. KUN25 na KUN26 ni Vigo za 4x4. KUN15 na KUN16 ni Vigo zinazosukumwa na magurudumu mawili tu, na shokapu zake zinaweza kutofautiana hata zikifanana kwa macho. Land Cruiser HZJ79 si HZJ75. Beba shokapu ya zamani ulinganishe ncha: jicho au msumari wenye nyuzi, upana wa bushi, na tundu la bomba la ndani ya bushi. Tundu likizidi bolti kwa milimita mbili, litagonga ndani ya wiki. Kagua rodi: iwe na kromu isiyo na mkwaruzo hata wa ukucha. Bonyeza na uvute mara tano au sita ikiwa wima. Mwendo uwe mzito na laini mwanzo hadi mwisho. Ikiruka mahali, irudishe. Mtumba usinunue, kwa sababu sili na vali huzioni.

Nunua jozi ya ekseli nzima, pamoja na nati mpya, na stopa mpya kama za zamani zimekatika. Usiku wa kuamkia kazi pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti. Kabla ya kufunga, safisha mahali pa kushikia juu na utazame kama chesisi ina ufa au msumari umepinda. Usiishike rodi kwa koleo. Mkwaruzo mmoja unaikata sili. Ncha zenye jicho zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana bushi ya raba iliyokazwa ikiwa imening'inia inabaki imejipinda na huchanika. Ncha za msumari zikaze mpaka raba itanuke ilingane na washa, basi. Pima wili alaimenti kama umegusa mbele, na baada ya kilomita 500 kaza tena zote.

Kwa safari ndefu beba shokapu moja ya nyuma, seti ya bushi, washa na nati. Kwenye rasta, pikapu tupu ipunguziwe upepo wa tairi hadi kama psi 28 na mwendo upungue nao, kisha tairi zijazwe tena ukirudi kwenye lami. Shokapu ikikatika njiani usiifunge kwa kamba. Itoe yote, kwa sababu rodi inayoning'inia hutoboa tairi au kukata mpira wa breki, kisha endelea polepole. Na ile iliyokufa ya mrija mmoja isikatwe wala kuchomelewa gereji: gesi iliyo ndani bado ina msukumo.