Kutoka Mwanza hadi milima ya Tarime kwa gari: jinsi ya kuipanga safari ya siku tatu

Barabara ya lami inayotoka Mwanza kupitia Magu na Bunda hadi Sirari, mpakani na Kenya, hupitiwa na watu wengi kila siku, lakini wengi wao huipita wakiwa wamesinzia ndani ya basi au wakiwahi forodha. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari lake dogo, au aliyeazima la shemeji, anayetaka kuifanya njia hiyo kuwa matembezi: siku ya kwanza kulifuata Ziwa Victoria hadi Musoma, ya pili kupanda milima ya Tarime, nchi ya Wakurya, na ya tatu kurudi nyumbani. Siku tatu zinaonekana nyingi kwa safari ya karibu kilomita 300 kwenda, ila sababu kubwa ya kuigawa hivyo ni mvua.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea mashariki, na unapofika kwenye miinuko ya Tarime hulazimika kupanda, hupoa na kugeuka mawingu. Usiku mambo hugeuka, na radi huhamia juu ya ziwa. Ndiyo maana Mwanza yaweza kuamka na mvua ilhali Tarime kumekucha kweupe, kisha ifikapo saa tisa alasiri milima ikafunikwa na wingu zito. Anayetoka Mwanza alfajiri na kutaka kufika Tarime siku hiyo hiyo huifikia milima katika saa zake mbaya kuliko zote. Lala Musoma, panda asubuhi. Kwa majira, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora. Wakati wa masika safari inawezekana, lakini usitoke nje ya lami.

Gari likaguliwe siku mbili kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari, ili fundi akigundua kasoro kuwe na nafasi ya kutafuta kifaa. Mwambie aangalie unene wa pedi za breki, mafuta ya breki, mipira ya rejeta na upepo wa tairi la akiba, ambalo wengi hulikumbuka wanapopata pancha. Beba jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto na lita kadhaa za maji. Leseni na bima viwe karibu na mkono, kwa sababu utasimamishwa.

Toka mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana Buzuruga, Nyakato na Igoma huanza kujaa daladala na bodaboda mapema. Kisesa kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Asubuhi hiyo yatakuwa hayajafunguliwa, basi yaweke katika siku ya kurudi. Kuelekea Magu nchi ni tambarare, yenye mashamba ya mpunga na pamba, mawe makubwa yaliyopandana, na ng'ombe wanaovuka barabara bila kumtazama mtu. Hapa mtihani ni kibao cha mwendo wa 50. Barabara iliyonyooka humshawishi dereva, lakini vijiji vinafuatana, askari wa tochi, yaani wenye kifaa cha kupima mwendo, hupenda kukaa mahali ambapo kijiji kinaonekana kimekwisha, na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000.

Baada ya Lamadi barabara hupita kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, huku Ghuba ya Speke ikiwa upande wa kushoto. Punguza mwendo. Nyani hukaa barabarani kama wenye mji, na kuwarushia ndizi ni kuwafundisha kulisogelea gari la mwenzako anayekuja nyuma. Bunda jaza mafuta na ule. Ukiwa na saa mbili za ziada, geukia Butiama ukalione kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, kisha urudi barabara kuu na kuingia Musoma jua likiwa bado juu. Chakula cha jioni kwangu ni sato na ugali wa udaga, yaani wa mihogo iliyovundikwa na kukaushwa. Asiyeuzoea udaga aombe wa mahindi, hatachekwa sana.

Siku ya pili ondoka saa moja. Daraja la Kirumi linavuka Mto Mara, ambao umetoka milima ya Mau nchini Kenya na kupita Serengeti kabla ya kufika hapa kuingia ziwani. Kuanzia hapo nchi huinuka taratibu: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Tarime uko karibu mita 1,500. Aliyezoea mlima Kitonga wa njia ya Iringa asitarajie kona za namna ile katika barabara kuu. Mabadiliko utayaona katika mashamba, ambamo mihogo huachia nafasi migomba na kahawa, na katika hewa, ambayo itakufanya utafute sweta. Milima hasa iko ukitoka Tarime kuelekea Nyamwaga, lakini kabla ya kuishika njia hiyo waulize madereva wa magari ya abiria pale stendi hali yake siku hiyo.

Kupanda hakuna ugumu: tumia gia ndogo mapema, na mshale wa joto ukisogea juu, egesha, acha injini ipoe, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto. Kushuka ndiko kunakoharibu magari. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Kwenye gari la otomatiki shusha mkono wa gia hadi 2 au L. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe, kwani kuikanyaga kidogo kidogo mteremko mzima huchemsha mafuta yake na pedali huzama bila kushika. Mara yangu ya kwanza nilinusa harufu ya kuungua nikadhani ni mkaa wa wanakijiji. Ilikuwa breki yangu. Wapo wanaoweka nyutro ili kubana mafuta, nao hujidanganya: injini za kisasa zikiwa ndani ya gia na mguu umeachia mafuta hazipulizi petroli, ilhali kwenye nyutro huendelea kuunguza.

Uwe umeshuka Tarime mjini kabla ya saa nane, ulale hapo au urudi Musoma.

Siku ya tatu haihitaji maelezo mengi. Simama Magu ununue michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pitia Bujora, na uhakikishe umevuka Igoma kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya hapo kilomita chache za mwisho zitakula saa nzima.