Kabla hujakata pipa: mambo ya kuangalia ukitaka kutengeneza mtambo wa maji wa kunasa vumbi karakana

Wengi wetu tumeanzia kwenye pipa la bluu. Unaona mahali mtu kazamisha paipu kwenye maji, kaweka feni juu ya mfuniko, maji yanachafuka, unasema ahaa kumbe rahisi hivi. Mi nilichukua pipa la lita 200, nikachomeka paipu ya inchi 4 mpaka ikazama kama sentimita 30, nikaazima feni ya hp 1 nikawasha, feni inalia safi kabisa, naenda kuweka mkono kwenye mdomo wa paipu kule kwenye randa hamna kitu, hata kipande cha gazeti hakishiki. Fundi wa banda la pili akaniuliza we hiyo umetengeneza ya kunasa vumbi au ya kupiga kelele.

Kosa lilikuwa la hesabu ndogo tu ambayo sikuifanya. Ili hewa itoke chini ya paipu iliyozama sentimita 30 lazima kwanza feni iyashushe maji yaliyomo ndani ya ile paipu hizo sentimita 30 zote, ndo povu la kwanza litoke, na sentimita 30 za maji ni karibu paskali 3000 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Feni ndogo kama ile nguvu yake inaishia kwenye sentimita 20 au chini ya hapo, na ikifika mwisho wa nguvu yake haivuti hewa tena, inazunguka tu. Ukiweka mota ya vacuum cleaner itatoboa maji ndiyo, ila hewa inayopita ni kidogo mno kwa mashine kama randa. Alafu hata mapovu yakitoka usishangilie sana, povu kubwa ni chumba cha hewa kinachopanda juu na vumbi laini likiwa katikati limekaa kavu, likifika juu linapasuka na vumbi linaenda zake kwenye feni. Maji hayanasi vumbi ambalo hayajaligusa. Hilo ndo swali la kulibeba kwenye kila hatua ya kuchora: hapa vumbi na maji vinagusana wapi?

Sasa kabla ya paipu na kabla ya feni, jiulize vumbi lenyewe ni la nini. Tuchukue karakana ya useremala ya kawaida, kama zile za Keko pale Dar, kuna randa, kuna msumeno wa kupasulia, kuna sanda, yaani mashine ya kupiga msasa. Randa inatoa maranda, na maranda hayahitaji maji hata kidogo, ni mazito, yataanguka yenyewe kwenye pipa kavu ukiyaingiza kwa kuyazungusha pembeni, na yakiwa makavu wafugaji wa kuku wanakuja kuyanunua wenyewe. Ukiyalowesha umejiharibia biashara alafu umejaza tanki uji wa mbao ndani ya siku moja. Kwahiyo pipa kavu linatangulia, maji yanafuata nyuma yake kwa ajili ya lile vumbi laini tu, la sanda na la MDF (zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi), lile ambalo ukipiga tochi usiku banda likiwa limefungwa unaliona linaelea nusu saa baada ya kazi kuisha.

Lile laini ndo baya. Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, hasa saratani ya pua, na mvule kila fundi anajua unavyowasha ngozi na kubana kifua. MDF nayo ina gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Chembe za chini ya mikroni 5 hivi (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) zinafika ndani kabisa ya mapafu na huzioni kwa macho, unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwahiyo ukiona maji yamechafuka jua yamenasa yale makubwa, kuhusu madogo hayajakwambia kitu. Barakoa yenye kichujio, ile ya N95 au FFP2, inabaki usoni hata mtambo ukikamilika.

Kuna vumbi ambalo usilifikirie kabisa kwa mtambo wa kienyeji. Aluminiamu na magniziamu vikikaa kwenye maji vinatoa haidrojeni, ukifunika tanki usiku gesi inakusanyika juu, asubuhi ukiwasha cheche moja inatosha. Na kuacha vumbi la aluminiamu lijikusanye kavu nako si salama, mwaka 2014 tarehe 2 Agosti pale Kunshan nchini China vumbi lake lililipuka kwenye kiwanda cha kung'arisha rimu za magari, wakafa zaidi ya watu 100. Kwahiyo kama kazi yako ni aluminiamu mtafute mtu anayejua mifumo hiyo, achana na pipa. Simenti na jasi zenyewe hazilipuki ila zinaganda ndani ya tanki, utakuja kuzitoa kwa nyundo. Mawe na terazo ni bora umwagie maji pale pale blade inapokata kuliko kuacha vumbi liruke alafu ulikimbize. Na grainda ya chuma usiiunge kwenye paipu moja na mashine za mbao, cheche zikikuta vumbi kavu la mbao ndani ya paipu umejitengenezea tanuru.

Ukishajua vumbi, njoo kwenye hewa. Vumbi la mbao ili lisilale ndani ya paipu linataka hewa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde. Paipu ya inchi 4 kwa kasi hiyo inapitisha kama mita za ujazo 565 kwa saa, hiyo ni mashine moja ndogo. Paipu ya inchi 6 inapitisha kama 1270, hapo randa ya maana inapumua. Usiniambie utaweka inchi 6 kwa feni ya inchi 4 ili upate hewa nyingi, hewa itapunguza mwendo, vumbi litalala chini ya paipu na baada ya wiki umeziba. Alafu jumlisha nguvu ya kuvuta inayoliwa na njia nzima kwa paskali, kona zote, mpira wa kujikunja (huo unakula kuliko paipu laini), pipa kavu, maji, mpaka mdomo wa kutokea. Tuseme jumla imefika paskali 2500 na hewa unayotaka ni mita za ujazo 0.35 kwa sekunde, zidisha unapata wati 875, na kwakuwa feni ya kuchomelea mtaani ukipata nusu ya ufanisi shukuru, gawanya kwa nusu ni wati 1750. Hapo unanunua mota ya hp 3. Ndo maana nasema hesabu kwanza, pipa baadaye, mi nilianza na pipa.

Kuhusu jinsi ya kuligusanisha vumbi na maji, baada ya kuharibu vitu viwili vitatu nilihamia kwenye mtindo wa mwanya. Unakuwa na boksi la bati zito, ndani unaligawa na bati la kusimama ambalo halifiki kwenye maji, linaacha mwanya mwembamba juu ya uso wa maji, hewa yote inalazimika kupita hapo kwa kasi, inachana maji yanakuwa matone matone na vumbi linapigana nayo. Hakuna pampu, hakuna pua za kunyunyizia za kuziba kila siku. Kwa ile hewa ya inchi 6, mwanya wa urefu wa sentimita 50 na uwazi wa sentimita 5 hivi unakupa kama mita 14 kwa sekunde, ni pa kuanzia pazuri, alafu unapandisha au kushusha maji mpaka ikae sawa. Uzuri na ubaya wake ni huo huo, kila kitu kinategemea levo ya maji. Yakipungua mwanya unafunguka vumbi linapita kavu, yakizidi feni inaelemewa. Na yatapungua tu, hewa inayapiga siku nzima yanaenda na mvuke, kwahiyo weka boya kama la tanki la choo lijaze lenyewe, na kama mtaani kwenu maji ni ya mgao uwe na simtanki ya akiba, bila hivyo siku ya mgao ni siku ya kula vumbi.

Upande wa pili wa lile bati hewa inapanda kwenda kwenye feni na hapo inatakiwa ipande taratibu, matone yapate nafasi ya kuanguka. Hapa ndo pipa la lita 200 linaposhindwa, ukiligawa katikati hewa inapanda karibu mita 3 kwa sekunde inabeba maji mpaka kwenye feni. Boksi la mita 1 kwa sentimita 60 likigawanywa nusu linakupa kama mita 1.2, hapo unaweka na vipande vya bati vilivyokunjwa zigizaga juu, matone yanagonga yanarudi chini. Usimwage sabuni ya unga ukidhani utasaidia maji yashike vumbi, mi nilimwaga, ndani ya dakika kumi povu limetokea kwenye mdomo wa feni kama siku ya harusi.

Kuna kitu kinawashangaza hata mafundi wazuri wa kuchomelea, boksi linanyonywa kwa ndani. Mfuniko wa mita 1 kwa sentimita 60 kwenye paskali 2500 unakandamizwa na uzito wa kama kilo 150, yaani mifuko mitatu ya simenti imekaa juu yake muda wote mashine inawaka. Bati jembamba linabonyea, linapiga kelele, weldi zinaachia. Weka engo za chuma kwa nje, mbili juu na moja kila ubavu. Stendi nayo iwe ya maana, maji ya kina cha sentimita 30 kwenye boksi hilo ni lita 180, kilo 180, bado chuma chenyewe, bado tope.

Bomba la kutolea maji usilifungue tu kwenda kwenye ndoo. Ndani kuna mvuto, ukifungua maji hayatoki, hewa ndo inaingia. Likunje kama U chini ya sinki, na mguu wake uwe mrefu kuliko mvuto wako, mvuto wa sentimita 25 weka mguu wa 40. Na ule mpira mwembamba wa levo wanaotumia mafundi ujenzi, chomeka ncha moja kwenye boksi juu ya maji, nyingine iache wazi, kunja U, tia maji, tofauti ya urefu pande mbili ndo mvuto wako kwa sentimita. Ni kipimo cha bei ya soda na kitakwambia siku tope likianza kubana mwanya kabla hujaanza kukohoa.

Umeme sitaki kuandika mengi ila usicheze nao. Feni ikae baada ya maji, upande safi, lakini mota iwe nje ya njia ya hewa na iwe ya kufungwa, IP55, yaani iliyokingwa na vumbi na maji ya kurushiwa. Weka waya wa ati wa kweli uliozamishwa ardhini, na breka ya kuvuja ya miliampia 30, ile inayokata yenyewe umeme ukivuja, kwasababu hapo chini maji yanamwagika kila siku na watu wanasimama na ndala. Paipu inayoingia ishukie kutoka juu, umeme ukikatika ghafla maji yanarudi yanapiga mawimbi, usitake yaingie kwenye randa. Mdomo wa kutolea hewa uelekee nje ya banda, ile hewa ni ya unyevu, ukiiacha ndani meza za chuma zinapata kutu na MDF zako zinavimba kwenye stoo. Hakikisha tu nje hapo si dirisha la mtu. Na kama umeajiri vijana, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa Tanzania wanataka eneo la kazi lisajiliwe na likaguliwe, ni sheria namba 5 ya 2003.

Sasa tope. Mi naona hapa ndo mitambo mingi inakufa, inakuwa inafanya kazi vizuri tu ila hamna anayetaka kuisafisha. Vumbi la mbao halizami lote, jingine linaelea linatengeneza utando, linavimba, siku ya tatu linaanza kunuka kama mtama uliochacha. Mninga na mvule zinageuza maji rangi, yakikutana na chuma tupu yanakuwa meusi kama wino na chuma kinaliwa, kwahiyo paka rangi nzito ndani au tumia plastiki ngumu sehemu inayokaa maji. Maji yaliyotulia wikendi nzima yanazalisha mbu, na Dar homa ya dengi tumeiona 2014 na 2019, mbu wake anatoka yai mpaka kuruka kwa siku kama 7 hadi 10 joto likiwa zuri, kwahiyo badilisha maji kila wiki hata kama yanaonekana yanafaa, na funika. Chini ya boksi weka mteremko na mlango wa kutolea tope wa inchi 4, siyo koki ya nusu inchi, uji wa mbao haupiti kwenye koki. Mwaga kwenye kiroba kilichoning'inizwa, maji yachuje yarudi kwenye ndoo, tope libaki. La MDF usipeleke bustanini wala kwa kuku, lina gundi. Usilianike likakauka karakanani pia maana litarudi kuwa vumbi lile lile, sanasana litakuwa laini zaidi. Na mtaro wa mtaa usiujaribu kabisa, mvua moja tu kubwa ukiziba watajua ni nani.

Kabla hujasema mtambo umeisha subiri usiku, funga banda, mtu mmoja apige msasa dakika tano, wewe kaa nje kwenye mdomo wa kutolea hewa na tochi, imulike kwa ubavu. Ukiona chembe zinang'aa shusha bati sentimita moja au ongeza maji, soma mpira wa levo, rudia tena. Mi ilinichukua mpaka usiku wa nne.