Somo: Kupanga kikao cha kikundi cha QGIS kutoka Kisumu hadi Seattle

Mfano wetu ni kikundi cha QGIS, programu huria ya kuchora ramani, kinachokutana mtandaoni. Kina wanachama Kisumu, Berlin (Ujerumani), Pune (India), Recife (Brazili) na Seattle (Marekani).

1. Funga kikao kwenye UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa 3 mwaka mzima, hatusogezi saa mbele na nyuma kwa majira kama Ulaya na Marekani. Ukiweka tukio linalojirudia kwa ukanda wa Europe/Berlin, kikao cha Kisumu kitaruka saa nzima mara mbili kwa mwaka.

2. Chunga saa ya Kiswahili. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko yote: mtu anasoma "saa kumi jioni" na kujaza 10:00 kwenye kalenda, badala ya 16:00. Andika zote mbili, pamoja na jina la mji. Hesabu ya haraka: toa 3 kwenye UTC. 13:00 inakuwa saa kumi. Ikizidi 12, toa 12: 18:00 inabaki 15, yaani saa tatu usiku.

3. Pima kila mji. 13:00 UTC ni 10:00 Recife na 18:30 Pune (msisahau ile nusu saa). Berlin ni 14:00 Januari, 15:00 Julai. Seattle ni 05:00 Januari, na si haki kumwamsha mtu kila mara. Kwa hiyo pishanisha na kikao cha pili, 04:00 UTC: Kisumu saa moja asubuhi, Pune 09:30, Seattle 20:00 Januari, lakini ya jana yake. Jumatano yetu ni Jumanne yao, kwa hiyo andika siku kwa kila mji.

4. Wiki za hatari. Mwaka 2026 Marekani inasogeza saa tarehe 8 Machi, Ulaya 29 Machi. Kurudisha, Ulaya ni 25 Oktoba, Marekani 1 Novemba. Katikati ya tarehe hizo jedwali lako la zamani linadanganya. Brazili iliacha kusogeza mwaka 2019, ila simu isiyosasishwa inaweza bado kusogeza. Kwenye Linux hakikisha saa ya Recife hivi:

`TZ=America/Recife date -d "2026-03-11 13:00 UTC"`

5. Usiamue kikaoni. Andika pendekezo, kisha liache wazi saa 72, kama miradi ya Apache, shirika la programu huria, inavyofanya na kura zake. Aliyekuwa amelala naye apate kusema.

Maswali ya wanachama

*Maseno:* Mwenzetu ameandika "15:00 IST". Ni saa ngapi kwetu?

Muulize mji kwanza. IST hutumika India, Israeli na Ayalandi. Ikiwa ni Pune, ni 09:30 UTC, kwetu saa sita na nusu mchana. Vifupisho viacheni kabisa, andikeni mji.

*Nakuru:* Stima ikipotea na mimi ndiye mwenyekiti?

Wekeni waendeshaji wawili wa miji tofauti, wote wakiwa na haki za kufungua chumba. Na ajenda ikae mahali wote wanapoifikia, isiwe kwenye kompyuta yako tu. Bando likiwa dogo, zima video, bakiza sauti.

*Bungoma:* Vikao viwili havitagawa kikundi?

Vitagawa, ndugu, kama kila kimoja kina ajenda yake. Ajenda iwe moja, na kumbukumbu za kikao cha kwanza zitoke kabla cha pili hakijaanza. Angalau mtu mmoja ahudhurie vyote viwili, kwa zamu: mwezi huu Kisumu, mwezi ujao Pune.