Kuchota maji na mashapo ya Ziwa Kivu kutoka Goma: siku moja ya kazi

Aliyejifunzia kazi hii baharini akija Kivu, chupa yake ya kwanza ya maji ya chini humduwaza. Inatokea juu ikitoa povu kama soda iliyotikiswa, na sehemu ya maji imeshamwagika njiani. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, na huko chini kumelundikana CO2 kiasi cha kilomita za ujazo 300 na metani kama 60, zikipimwa kama gesi ya hewani. Lita moja ya maji ya karibu na sakafu imebeba zaidi ya lita mbili za gesi. Uzito wa maji ya juu ndio kizibo chake, ukiyapandisha, umekifungua. Kwa hiyo nani anashika nini ndani ya bato, na chupa gani inajazwa kwanza, vyote vinafuata gesi.

Watu wanne wanatosha: wa usukani, wa winchi, wa kujaza chupa, na wa kuandika. Usimpe mwandishi kazi ya pili. Mikono yenye asidi au tope haiandiki namba zinazosomeka. Bato la mbao pana, la mita nane hivi, ni bora kuliko pirogi nyembamba ya kasi, kwa sababu utasimama ukiinama upande mmoja kwa saa nzima. Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Oktoba 2024 bato lilizama karibu kabisa na Kituku, bandari ya Goma, watu wakiona nchi kavu. Chukua buji za akiba, kasia mbili, na esanse ya kurudia iwe kwenye bidoni yake peke yake.

Karatasi za ruhusa zitafutwe siku kadhaa kabla. Mpaka na Rwanda unapita majini na hauna ukuta wala boya la kukuonya, hivyo weka kituo chako kwenye GPS mbali na mstari huo, ukihesabu kwamba bato litasukumwa na upepo unapoteremsha vifaa. Ondoka alfajiri, ila ngoja kwanza wavuvi wa sambaza wapandishe nyavu zao. Kamba yako ikishika wavu wao, asubuhi imekwisha, na maelewano pia. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini hulipiga ziwa vizuri, basi panga vituo vya mbali mwanzo wa siku.

Kamba ndiyo kipimo chako cha kina, kwa hiyo itayarishe nyumbani. Tumia ya poliesta isiyovutika, milimita 5 au 6. Nailoni huongezeka urefu ikilowa na ikibeba mzigo. Ilaze barabarani, ivute kwa mzigo uleule itakaoupata majini, kiisha funga uzi wa rangi kila mita 5 na rangi nyingine kila mita 50. Ukiwa kwenye kituo, angalia inaingiaje majini. Kamba ya mita 100 iliyolala kwa nyuzi 20 kutoka wima imefika mita 94 tu. Kwa nyuzi 30 imefika 87. Andika pembe kila mara. Ikizidi 30, msaidie dereva arudishe bato juu ya kamba kwa kasia, au ongeza uzito wa kilo 5 chini. Kusahihisha kwa hesabu baadaye kunawezekana, lakini kamba ndefu haikai mstari mnyoofu, hujikunja kama upinde, na hesabu itakudanganya.

Kabla ya chupa, teremsha sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji, upande wenye kivuli, kisha sonda ya CTD, inayopima chumvi, joto na kina, taratibu, mita moja kila sekunde mbili. Usishtuke na mchoro wa joto. Unashuka hadi kama mita 80, halafu joto linaanza kupanda tena kadiri unavyokwenda chini. Sonda haijaharibika. Chini kuna maji yenye chumvi na CO2 zaidi, yanayoletwa na chemchemi za sakafuni, na uzito huo unayafanya yabaki chini ingawa ni ya moto kidogo. Kwenye mita 260 hivi kuna ngazi kali ambapo kila kitu kinabadilika ndani ya mita chache. Chagua vina vya chupa baada ya kuona mchoro huo. Kwa kawaida: 0, 10, 20, 40, 50, 60, 70, 80, 100, 150, 200, kisha chupa moja juu ya ngazi ya 260 na nyingine chini yake. Palipo na mabadiliko, weka chupa karibukaribu. Palipo shwari, ruka.

Sasa chupa ya Niskin, bomba la lita 5 lenye kifuniko kila ncha. Tega vifuniko vyote viwili, kisha hakikisha kizibo cha hewa na bomba dogo vimefungwa. Kosa la kusahau kizibo cha hewa huharibu sampuli nyingi, maana chupa hufunga vizuri chini lakini hupokea maji ya kila kina ikipanda. Ifikishe kwenye kina, iache dakika moja ijioshe, ndipo uachilie uzito wa kufungia uteremke kwenye kamba. Shika kamba kwa vidole viwili bila kukaza. Karibu na uso utasikia mgongano mdogo. Chini ya mita 100 huenda usisikie kitu, basi hesabu dakika mbili kwa kila mita 200 ndipo upandishe. Raba ya ndani ikilegea, kifuniko hakikazi. Kwenye maji yenye harufu ya yai bovu raba huchakaa upesi, kwa hiyo beba za akiba.

Chupa ikifika, chukua kwanza maji kidogo kwenye kikombe upime upitishaji wa umeme. Maji ya juu ya Kivu husoma karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita. Ya chini kabisa ni mara kadhaa ya hapo. Ukisoma namba ya maji ya juu kwenye chupa iliyoandikwa mita 300, imefunga mapema au imevuja. Imwage, rudia. Kipimo hiki kinakula nusu dakika na kinaokoa wiki za mabishano.

Kujaza kuna utaratibu ambao haugeuzwi. Oksijeni kwanza, metani pili, pH (kipimo cha uchachu) tatu, kisha virutubisho, na mwisho maji ya kuchuja. Ingiza mpira mwembamba hadi chini ya chupa ya oksijeni, yaache maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, na uutoe mpira polepole maji yakiwa bado yanatiririka. Povu moja tu likibaki, anza upya. Tia manganizi na iodidi ya alkali, mililita 1 kila moja, ncha ya pipeti ikiwa ndani ya maji, funga na upindue. Ganda la kahawia ni oksijeni ipo; jeupe, haipo. Njia hii isipelekwe kwenye maji yanayonuka, kwa sababu salfidi inakula iodini na jibu linakuwa la uongo.

Ya metani huenda kwenye chupa za kioo za mililita 60. Zifurishe vilevile, weka mikrolita 100 hadi 200 za kloridi ya zebaki iliyokolea kuua vijidudu, kisha sindano ipenye kwenye kizibo cha raba unapokisukuma ndani, maji ya ziada yatoke bila kuacha povu. Toa sindano, kaza kofia ya alumini. Zebaki ni sumu kali: glavu, na mabaki yote yarudi Goma kwenye bidoni iliyoandikwa. Hata tone lisiende ziwani; maji haya yananywewa.

Kadiri unavyopita mita 100, utaratibu huu unaanza kushindwa. Mapovu yanatokea ndani ya Niskin na gesi unayopima ni pungufu. pH nayo hupanda mbele ya macho yako CO2 ikitoroka. Usoni ni karibu 9, chini ni kama 6, na kile unachosoma kwenye kikombe kiko mahali fulani katikati. Maji ya kina kirefu ya Niskin yanafaa kwa chumvi na madini, basi. Kwa gesi tumia sonda inayopimia hukohuko chini. Ukifungua chupa kama hiyo, moteri izimwe, bomba lielekezwe nje, kaa upande unakotoka upepo, na legeza kizibo cha hewa robo kwa robo. Asiwepo mwenye sigara: metani huwaka ikifika asilimia 5 ya hewa. Anayeijua mazuku, CO2 inayotoka ardhini na kuua, haambiwi mara mbili kwa nini mtu asiinamishe uso juu ya chupa.

Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ichukuliwe kama ziwa jingine. Kizingiti chenye kina cha mita 10 hivi kinaitenga, na oksijeni huisha kwenye mita 11 tu. Maji ya chini yake yana chuma. Yanapanda meupe na kuwa ya kutu ndani ya dakika chache, kwa hiyo chuja na tia asidi ya nitriki hapohapo, hadi pH iwe chini ya 2.

Kwa mashapo, kijiko cha Ekman, kisanduku chenye taya kinachouma tope, cha sentimita 15 kwa 15, kinatosha penye tope laini. Mbele ya Goma sehemu kubwa ni mwamba wa lava. Kikirudi wazi na jiwe kati ya meno, usibishane nacho, hamia ghuba iliyotulia. Ukitumia bomba la kuchomeka topeni, la kipenyo cha sentimita 6, lisimamishe mita 5 juu ya sakafu, ngoja dakika moja, kisha teremsha taratibu. Ukishuka kwa kasi, wimbi linalotangulia linapeperusha tabaka la juu kabisa, ambalo ndilo ulilolijia. Kamba ikilegea, acha hapo.

Tia kizibo cha chini kabla bomba halijatoka majini. Maji yaliyo juu ya tope yakiwa safi, umepata. Yakiwa machafu, rudia. Mara moja piga alama ya wino usawa wa tope, maana mashapo ya kina kirefu huvimba kwa gesi na kupasuka kama mkate, na bila alama hutajua yalianzia wapi. Bomba lisimame wima hadi nyumbani. Kata kila sentimita 1 kwa sentimita 10 za kwanza, kisha kila 2, na uondoe ukingo wa milimita 3 uliosuguliwa na ukuta. Karatasi ya jina iandikwe kwa penseli, iwe ndani ya mfuko wa pili. Wino wa kalamu hufutika kwenye glasieri, sanduku la barafu.

Chuja maji ya klorofili (rangi ya kijani ya mwani) siku hiyohiyo gizani, kichujio kikunjwe kwenye karatasi ya alumini na kugandishwa. Umeme wa mtaani ukiwa na tabia yake, nunua barafu asubuhi, kabla hujaenda bandarini, maana jioni wauza samaki wameshaimaliza.