Sungura mkali: tibu mwili na banda kabla ya kumzoesha mkono

Mara nyingi kisa huwa kile kile. Sungura hununuliwa mdogo wakati wa Sikukuu, watoto wanagombania kumbeba. Baada ya miezi michache keshakuwa mkubwa, keshaanza kukwaruza, skuli zimefunguliwa, na makao yake ni tenga la kuku nyuma ya jiko. Anayemkumbuka humtupia maganda na wali uliolala. Siku mtu akitia mkono kubadilisha maji, anang'atwa. "Bwana Mifugo, huyu kaingiwa na shetani, tumchinje tu," aliniambia mama mmoja wa Konde, Pemba, kidole chake kimefungwa kitambaa.

Sungura yule alikuwa na ukurutu masikioni. Tulipomfunga kanga na kulifunua sikio la kushoto, ndani mlijaa magaga ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, hata tundu halionekani. Kucha zilikuwa ndefu mno, zinamlazimisha kukanyaga upande upande. Mnyama aliye na maumivu ya namna hiyo huuhesabu kila mkono kuwa umekuja kumuumiza, na hana silaha nyingine ila meno na kucha. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kumzoesha watu kuje mwisho. Kwanza mwili, kisha banda, kisha mkono.

Kumkagua kunahitaji watu wawili na kanga moja. Mfunike kanga kwa utulivu, mviringishe mwili mzima ubaki uso tu, na mshikaji aweke mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Usimnyanyue kwa masikio hata siku moja. Na usimwache miguu ya nyuma ikining'inia: sungura ana misuli mikubwa ya mapaja na mifupa myepesi, akirusha teke hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo papo hapo.

Anza na masikio, halafu pua na vidole, ambako utitiri wa ngozi, vidudu vinavyoleta ukurutu, hupenda kuanzia. Magaga usiyabandue, yanauma sana na chini yake ni kidonda kibichi. Daktari wa mifugo atachoma sindano ya ivermektini kwa kipimo cha uzito, na atarudia baada ya kiasi cha wiki 2, maana mayai ya utitiri hayafi kwa sindano ya kwanza. Tazama meno ya mbele. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, kiasi cha milimita 2 au zaidi kwa wiki, na aliyelishwa wali na mkate bila majani hana cha kuyasagia. Yakipishana au kumchoma mdomo, yakatwe na mtaalamu, si kwa koleo la nyumbani, kwani jino hupasuka hadi mzizini. Geuza nyayo za nyuma: aliyekaa juu ya waya huwa na vidonda vya visigino. Mwisho angalia sehemu ya haja. Manyoya yaliyolowa mkojo huvuta nzi, na funza wakishaingia hapo mgonjwa huyo ni wa siku ile ile, si wa kungojea Jumatatu.

Dawa mbili nazitaja kwa majina kwa sababu zimo majumbani na madukani. Amoksilini, na dawa nyingine za jamii ya penisilini, ukimpa sungura kwa mdomo zinaua vijidudu vya tumboni vinavyomsagia chakula, naye hufa kwa kuhara. Na dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fipronili ni sumu kwake.

Sasa banda. Sungura anayefugwa asili yake ni Hispania na Ureno, huchimba mashimo na kujificha humo mchana. Joto likipita nyuzi 30 anataabika, na sisi huku miezi ya kaskazi tunapita hapo kila siku. Tenga lililoegemezwa kwenye bati au ukuta unaopigwa na jua la mchana ni mateso. Liweke banda chini ya mwembe au mstafeli, uliezeke kwa makuti, upande mmoja uwe wazi kupokea upepo, na uwe na pazia la jamvi ili matone ya pembeni ya mvua za masika yasimfikie. Ukubwa usipungue mita 1.5 kwa sentimita 60, na kimo kimtoshe kusimama kwa miguu ya nyuma. Sakafu ya mbao yenye nyasi kavu ni bora kuliko waya. Miguu ya banda isimame ndani ya vikopo vya oili chafu kuzuia siafu. Ndani mtilie sanduku lenye tundu la kuingilia, na hilo ndilo muhimu kuliko yote, maana asiye na pa kukimbilia hupigana.

Waumini tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Mnyama aliye ndani ya tenga letu hana riziki nyingine ila ile tunayompelekea sisi.

Chakula chake ni nyasi, mbichi na kavu, wakati wote ziwepo. Juu yake ongeza matembele, mchicha, majani ya mgomba na mlonge, na matawi ya mpera ya kutafuna. Majani ya muhogo usimpe, yana sumu ya sayanidi, wala ya mparachichi, ya mtungule au ya mbono. Aliyezoea wali na mkate mbadilishie taratibu kwa siku 7 hadi 10. Ukimwona alfajiri akila kinyesi chake laini usimzuie, ndivyo anavyorudisha vitamini mwilini. Lakini akikaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, mpeleke kwa daktari, tumbo limesimama.

Mwili ukipona na banda likiwa pana, wengi hupungua ukali wenyewe. Waliobaki wakali huwa wanalinda mahali pao, hasa majike waliokomaa, na jike mwenye mimba ya uongo hung'oa manyoya ya kifuani na kuwa moto kwa wiki 2 na zaidi. Kwa hiyo usitie mkono ndani ya banda lake. Fungua mlango, mwache atoke kwenye uwa uliozungushiwa wavu, ndipo usafishe na ubadilishe maji.

Jioni jua likipoa, tandika mkeka humo uwani ukae, usimtazame usimfuate. Shika tawi refu la mlonge, mwache aje achume upande wa mbali na vidole vyako, na siku zikienda fupisha tawi. Ukimgusa, gusa paji la uso na mashavu. Mbele kabisa ya pua yake hapaoni, hivyo mkono unaotokea hapo humshtua hata aliyezoea. Masikio yakilala nyuma, mkia ukisimama na akinguruma, tulia ulipo, maana anakaribia kukurukia. Akipiga mguu chini, kuna kilichomtisha. Akisaga meno kwa sauti kubwa huku amejikunyata, anaumwa, rudi kwenye ukaguzi. Akijinyoosha ubavuni mwa mkeka, keshakuamini. Kumpiga kunafuta kazi ya wiki nzima. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, na likivimba aende kituo cha afya.

Usimletee mwenzake kwa haraka ukidhani ni upweke. Madume wawili huraruana hadi kuondoana korodani. Dume akihasiwa na daktari ukali hupungua baada ya wiki kadhaa, ila katika wiki za mwanzo bado anaweza kumpa jike mimba, na mimba ya sungura ni siku 31 tu.

Kazi ya kila siku awe nayo mtu mzima mmoja, kwa jina. Watoto wasaidie kuchuma majani. Na familia isiyoweza kabisa kuendelea naye imtafutie mfugaji mwingine, impe pamoja na banda na imweleze wazi kwamba anauma, kwa sababu gani na ametibiwa nini. Kumwachia msituni Ngezi au Jozani si kumpa uhuru: hajui kujitafutia wala kujilinda, na mnyama mgeni hana nafasi katika misitu ile.