Mkono wa roboti: anzeni na kadibodi

Mnaojiandaa na mashindano ya roboti, kabla hamjachapa hata kipande kimoja cha mkono kwa printa ya 3D, ukateni kwanza kwa kadibodi. Viungo viwe vijiti vya meno au misumari midogo. Chukueni kitu kilekile kitakachobebwa siku ya mashindano, mfungue na kufunga vidole kwa mkono. Ndani ya nusu saa mtajua kidole kipi ni kifupi na kitu kinaponyokea wapi.

Mara nyingi tatizo si mota, ni utelezi. Vidole vinavyofunga kama mkasi husukuma kitu cha duara kikatoka mbele; vinavyosogea sambamba hukikamata kikatulia. Bandikeni kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye ncha mjaribu tena, tofauti mtaiona papo hapo.

Kadibodi ikikubali, ndipo mchague mota ya bega. Zidisheni uzito kwa urefu: kitu cha gramu 150 na kishikio (sehemu yenye vidole) cha gramu 100, kikiwa sentimita 20 kutoka kwenye bega, ni 0.25 × 20, yaani kilo-sentimita 5. Hapo uzito wa mkono wenyewe bado. Mimi ningechukua servo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) ya kilo-sentimita 10, maana namba iliyoandikwa kwenye servo ni ya pale inapokwama kabisa, na ikikaa hapo inapata moto na kuungua.

Nyaya ziachieni ulegevu kwenye kila kiungo.